Babu Ndani ya Gunia la Kahawa

Nilipofika kwa bibi mwanzoni mwa likizo ya Juni, nilikuta kompyuta ya babu imeanikwa juani pamoja na kahawa.

Najua mimi ni mtu wa masihara. Shuleni kwetu Tunduma nikisema mwalimu wa zamu anakuja, hakuna hata mmoja anayeficha simu. Lakini hapa naomba mniamini. Kwenye kichanja cha nyuma ya jiko, pale ambapo kila msimu bibi hutandaza kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, katikati ya punje nyeupe zenye ngozi zake nyepesi, kulikuwa na feni ya kompyuta. Pembeni ya feni kulikuwa na ule ubao wa kijani wenye vibati vingi, yaani moyo wenyewe wa mashine, umelazwa kifudifudi kama mtu anayeota jua. Vijiti vya ramu vimepangwa kama dagaa. Waya zimetundikwa kwenye kamba ya nguo, zimebanwa na vibanio, jirani na gauni la bibi la kanisani. Na bibi mwenyewe, reki ya mbao mkononi, alikuwa anageuza. Anageuza kahawa, akifika kwenye feni anaigeuza na yenyewe, ili upande wa pili nao upate jua.

Nilidondosha begi.

"Bibi!"

"Umefika, mke mwenzangu?" Hata hakuinua kichwa. "Shikamoo iko wapi, au huko mpakani mmeshaiuza Zambia?"

"Shikamoo bibi. Hii nini?"

"Marahaba. Macho si unayo? Naanika."

Kwa wasioelewa hilo la mke mwenza: mjukuu wa kike ni mke mdogo wa babu yake, kwa hiyo mimi na bibi tuna uhasama uliobarikiwa na ukoo mzima. Tangu niko mdogo ananishutumu kwamba nataka kumnyang'anya mume, nami namjibu kwamba aliyezeeka aachie wengine nafasi. Babu alikuwa anatusikiliza huku anakunywa chai, amejaa maringo kama jogoo.

Babu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu aliona ni aibu kufa bila kuijua kompyuta, akavuka mpaka hadi Nakonde, akarudi na sipiyu iliyokwisha kutumika, monita yenye mkwaruzo katikati, na kibodi ambayo baadhi ya herufi zilishafutwa na vidole vya Wazambia. Mimi ndiye niliyemfundisha kuiwasha na kuizima. Mausi aliishika kama mtu aliyekamata panya mzima, kwa woga wa kung'atwa.

Siku moja nilimchomekea maikrofoni, nikamwambia aongee chochote, tuone kama inafanya kazi. Akaanza kwa kumwita bibi.

"Binti Mbebe! Njoo uone, hiki kitu kinanisikia!"

Bibi anatoka Mbebe, kule Ileje, na tangu aolewe huku Mbozi babu hakuwahi kumwita jina jingine. Baada ya hapo babu akahamia kwenye Kinyiha cha huku kwetu, akamcheka bibi kwamba miaka yote hii bado anakiongea kwa lafudhi ya Kindali cha kwao. Akakohoa. Akaimba ubeti wa wimbo wa kanisani kwa sauti nzito ambayo nadhani aliiazima. Akauliza chai iko wapi. Akaniuliza mimi, "Sasa hii inazimwaje?" Basi. Mwaka uliofuata akafariki, na sauti yake yote iliyobaki duniani ikawa ni hiyo, ndani ya mashine hiyo.

Kila jioni bibi alikuwa anaketi mbele ya monita, anabofya pale nilipomwekea picha ya kikombe, na babu anamwita. Bibi anaitika, "Abee," anacheka peke yake, anazima, anakwenda kulala. Hakuna kingine alichokijua kwenye kompyuta na hakuna kingine alichokitaka.

Sasa mnaielewa hali yangu mbele ya kile kichanja.

"Bibi, nani amekwambia ufanye hivi?"

"Paka alimwaga chai ya maziwa juu ya lile sanduku. Likalia pwii, likazima. Nikachomoa waya ukutani."

"Hapo ulifanya vizuri."

"Nikampigia baba yako mdogo."

"Hapo ulifanya vibaya."

Baba mdogo ni fundi simu, ana meza yake Chapwa, pale mpakani Tunduma, na hakuna kitu duniani ambacho hajawahi kukitengeneza, hasa ukimsikiliza yeye mwenyewe. Nikampigia papo hapo. Simu yake ilikuwa imedakwa na mtandao wa upande wa pili kama kawaida, akadhani mimi ni mteja wa Nakonde.

"Mulishani mukwai!" alinisalimia kwa Kibemba.

"Mukwai mwenyewe! Ulimwambia nini bibi?"

"Aah, ni wewe mchokozi. Nilimwambia afungue, akaushe. Kwani kuna tatizo?"

"Ameanika mpaka feni. Waya ziko kwenye kamba ya nguo."

Nikamsikia anacheka huku amefunika simu, anawasimulia wenzake wa meza za jirani, nao wanapasuka.

Nilimkatia. Nikarudi kwa bibi, ambaye alishaanza kununa. Mtu aliyekausha kahawa maisha yake yote hapendi kukaguliwa na mtoto wa kidato cha tatu. Na kusema ukweli, nikiutazama ule mkeka wa vyuma kwa utulivu, hakuwa amekosea sana. Kitu cha umeme kikilowa, wengi wanakiwasha haraka waone kama kimekufa, na huko kuwasha ndiko kunakokiua. Bibi hakuwasha. Alichomoa, akafungua kwa ncha ya kisu, akafuta kwa kanga. Jua la Juni huku kwetu nalo ni la adabu, halichomi kama la bondeni Momba. Nikaanza kuhesabu viungo kimyakimya: ubao upo, ramu zipo, feni ipo, kile kisanduku cha umeme kipo, sinia ya kuwekea sidii ipo...

"Bibi, diski iko wapi?"

"Ipi tena?"

"Kile kibati kizito, kama kitabu kidogo. Chenye babu."

"Aah, mume wangu!" Uso ukamng'aa. "Huyo sikumweka juani. Baba yako mdogo alisema huyo akaushwe kwa adabu, kama simu, awekwe ndani ya mchele. Mimi mchele wangu wa Kamsamba niuchezee na chai? Nikamvisha soksi yake ya sufu, nikamchomeka kwenye gunia la kahawa kavu. Kahawa kavu inanyonya maji kuliko mchele, muulize yeyote."

Nilitaka kucheka. Babu amevishwa soksi, amelazwa ndani ya kahawa!

"Gunia lipi?"

"Lile la kona ya sebuleni, njoo nikuoneshe."

Tukaingia ndani. Kona ya sebuleni ilikuwa tupu. Sakafuni palibaki duara safi lisilo na vumbi, na punje mbili tatu zilizokosa bahati.

Bibi alisimama. Mimi nilisimama. Paka, mwanzilishi wa yote haya, alikuwa amelala juu ya kiti cha babu.

"Shangazi!" nilipiga kelele mpaka nikajishangaa.

Shangazi, anayeishi hapo na bibi, alitokea mlangoni na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. "Una nini wewe, umeona nyoka?"

"Magunia yaliyokuwa hapa yako wapi?"

"Yameenda chama cha ushirika. Trekta lilipita asubuhi mama akiwa kisimani, nikapakia yote. Si tulisema msimu huu tuwahi? Mnaniangaliaje hivyo?"

Nikamweleza. Shangazi akaweka mikono kichwani, povu likamshuka usoni, hakulifuta. "Mungu wangu. Mungu wangu. Mama, mbona hukuniambia?"

Bibi alikuwa ameshakaa chini, pale pale kwenye lile duara. Hakulia. Nimemwona bibi akilia kwa mengi, hata mbuzi wake alipovunjika mguu alilia. Safari hii alitazama tu mikono yake, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Nimemuuza."

Utani wote ulinikauka mdomoni. Sikuwahi kujua kwamba unaweza kukauka.

Bodaboda tuliyoipata ni moja, tukapanda wote wawili na dereva, bibi katikati, amejifunga kanga ya kichwa kama anakwenda vitani. Barabara ya vumbi, mibuni pande zote mbili, na kila tuliyempita alitushangaa kwa sababu bibi hapandi bodaboda. Alikwisha kula kiapo kwamba chombo kisichokuwa na mlango si chombo. Siku hiyo alikuwa anampigapiga dereva mgongoni: "Endesha baba, endesha! Unabeba mayai?"

Ghala la chama liko nyuma ya uwanja wa mpira. Tulipofika, magunia ya asubuhi yalikuwa yamerundikwa mlangoni kwa ndani, ya familia mbalimbali, yote yanafanana kama mapacha, maana alama ya mwenye mali huandikwa baada ya kupita mizani. Wakulima walikuwa kwenye foleni. Na mtunza ghala, mzee mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa na bambo mkononi.

Bambo ni kile chuma kirefu chenye ncha na mfereji katikati. Unakichoma ubavuni mwa gunia, kinatoka na punje za ndani kabisa, unaziangalia kama zimekauka. Mzee yule alikuwa anachoma kama mpishi anayepima ndizi. Gunia hili, chwaa. Gunia lile, chwaa. Ananusa, anang'ata punje, anatema, anasogea.

"Acha!" Bibi alishuka kabla pikipiki haijasimama. "Acha, utamchoma!"

Bambo likaganda hewani. Foleni nzima ikageuka.

"Nitamchoma nani, mama?"

"Mume wangu! Yumo ndani ya gunia!"

Nimeshawahi kuona watu wakishtuka. Nimeona darasa zima likishtuka mtihani wa hesabu ulipogeuzwa. Lakini ule mshtuko wa pale ghalani ulikuwa wa daraja lake. Mama mmoja aliacha beseni likaanguka. Mzee wa bambo alirudi nyuma hatua kubwa, akakitazama kile chuma chake, akalitazama gunia alilotoka kulichoma, akaanza kulichunguza kama linatoka damu. Kila mtu pale alimzika babu. Walibeba jeneza.

Ikabidi niingilie. "Samahanini wazee wangu, shikamooni. Siyo babu mwenyewe. Ni sauti yake. Iko kwenye diski ya kompyuta, diski iko kwenye soksi, soksi iko kwenye gunia."

Kwa nyuso nilizoziona, maelezo yangu hayakusaidia. Nilirudia polepole. Nikaeleza chai, paka, mchele. Mzee wa bambo akavua kofia, akajikuna.

"Kwa hiyo mnataka nifanyeje? Nimwage magunia yote haya hapa? Vumbi lote hili? Hii kahawa ya watu."

"Haiwezekani!" alidakia jamaa mmoja wa mbele kwenye foleni, mwenye koti la ngozi na magunia yaliyoshiba. "Sisi tumetoka alfajiri. Mtu anazembea na mashine yake nyumbani, aje kutuchelewesha! Mzee, choma, pima, tuondoke."

"We kijana," bibi alimgeukia, "mama yako nilimpokea mimi siku anakuzaa. Alipiga kelele kidogo kuliko wewe."

Watu wakacheka, lakini bambo bado lilikuwa mkononi mwa mzee, na jua lilikuwa linasogea. Nikamuuliza bibi ile soksi aliichomeka vipi. Akasema ubavuni, karibu na juu, mkono uliingia mpaka kifundo. Nikaanza kupapasa magunia kwa nje. Ndugu zangu, kahawa kavu ukiipapasa kwa nje, kila mahali pana kitu kigumu. Nilipapasa mpaka viganja vikawasha.

Ndipo nikakumbuka sumaku. Ndani ya diski za aina ile ya zamani kuna sumaku, ndogo lakini kali. Na kwenye simu yangu kuna dira. Mwalimu wa fizikia alishaninyang'anya simu kwa kuizungusha karibu na sumaku za maabara, mshale ukawa unacheza kama mlevi, darasa likacheka badala ya kumsikiliza. Nikafungua dira, nikaanza kuipitisha simu juu ya magunia, nimeigandamiza kabisa ubavuni, taratibu, gunia hadi gunia.

"Anafanya nini huyo mtoto?" nilisikia nyuma yangu.

"Anapiga ramli."

"Ramli ya simu?"

"Ndiyo za siku hizi. Huko Tunduma zimejaa."

Mshale ulikaa kimya. Gunia la kwanza kimya, la pili kimya. Nikifika karibu na mizani unaruka, nikirudi unatulia. Bibi alikuwa ananifuata nyuma, mkono wake umeshika sweta langu kwa nyuma kama mtoto anayeogopa kupotea sokoni.  Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Ghafla mshale ukaruka. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Ukaruka tena.

"Hapa!" nilipiga yowe. "Yumo hapa!"

"Hilo ni langu," alisema yule jamaa wa koti la ngozi, haraka mno. "Hilo halina kitu. Hilo si lenu."

"Si tunafungua tu tuone," alisema mzee wa bambo.

"Nasema si lenu!"

Mzee alikuwa ameshakata uzi. Akaingiza mkono, akapekua, akatoa kichwa cha nyundo. Nyundo isiyo na mpini, nzito, yenye kutu. Akaiinua juu ili foleni yote ione. Akaingiza mkono tena. Akatoa kipande cha nondo.



"Mume wangu hakuwa fundi seremala," alisema bibi.

Sitasimulia kelele zilizofuata, maana zilikuwa za matusi na mimi bado ni mwanafunzi. Itoshe kusema jamaa hakuongelea tena habari ya kuchelewa, wala ya uzito wa magunia yake. Kitu kikubwa ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyethubutu kunizuia. Ramli yangu ilishakubalika. Kina mama wakawa wananisogezea magunia wenyewe, "Pima na hili, mganga," na mzee wa bambo alikitia kile chuma chake kwapani akawa msaidizi wangu. Nikaona wakulima wengine wawili wakisogeza magunia yao nje ya ghala kimyakimya, eti wamekumbuka hayajakauka vizuri.

Gunia letu tulilifikia karibu na ukuta. Safari hii mshale haukuruka tu, ulizunguka. Mzee akakata uzi, bibi akamsukuma pembeni, akaingiza mkono mwenyewe. Uso wake ulikuwa unatazama juu kwenye bati, kama mtu anayemzalisha mwenzake gizani. Ukabadilika. Akatoa soksi ya sufu ya kahawia, yenye uzito ndani, imejaa ngozi za kahawa.

Akaikumbatia kifuani. Mama aliyedondosha beseni akapiga kigelegele.

Mimi sikupiga. Nilimwomba ile diski, nikaigeuza mkononi, nikaona kitundu kidogo cha kupumulia, kile ambacho pembeni yake wameandika kisizibwe, kimezibwa na vumbi la kahawa. Nikakumbuka trekta, mashimo ya barabara, magunia yakitupwa. Kupata diski ni jambo moja. Kumpata babu ni jingine. Bibi alikuwa anashukuru watu kwa kuwashika mikono, nami nilikosa moyo wa kumwambia.

Nyumbani tulitandika kanga mezani. Nilifuta kila kitu kwa mswaki mkavu, nikatoa punje za kahawa ndani ya feni, nikachomoa kipande cha ganda kwenye tundu la ramu. Diski nilifuta kitundu chake kwa pembe ya kitambaa, kwa nje tu, bila kupuliza, maana pumzi ina mate. Shangazi alishika tochi. Bibi aliketi kwenye kiti chake cha kila jioni, mikono magotini, kama yuko kliniki anasubiri kuitwa.

Nikabonyeza. Kimya.

"Amekufa," alisema shangazi.

"Shangazi, hebu subiri." Swichi ya nyuma ya kile kisanduku cha umeme ilikuwa imezimwa. Nusu ya kompyuta zinazopelekwa kwa mafundi hazina ugonjwa zaidi ya huo. Nikaiwasha, nikabonyeza tena. Feni ikazunguka, halafu mashine ikaanza kulia: piii, piii, piii. Monita nyeusi.

"Inalia nini?" bibi aliuliza.

"Ramu. Imechafuka miguu." Nikazitoa, nikachukua raba kwenye begi langu la shule, nikasugua vile vimeno vya dhahabu taratibu kama ninafuta jibu nililokosea, nikazirudisha mpaka zikasema tak. Nikabonyeza. Haikulia tena. Monita ikawaka!

Maandishi meupe kwenye giza. Kwa Kiingereza. Yalisema hakuna diski.

Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu. Lakini bibi hasomi Kiingereza, anasoma nyuso.

"Hayumo," alisema.

"Yumo. Haonekani tu."

"Mke mwenzangu, usinidanganye."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo bila kutania. Nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikaanza kufikiri kwa sauti ili nisilie. Chai ilimwagikia juu, diski ilikuwa chini. Diski inazunguka, nimeisikia inavuma. Kwa hiyo umeme inapata. Basi inachosema haifiki. Kwa nini haifiki? Nikaushika ule waya mwembamba mwekundu unaopeleka habari kutoka kwenye diski. Katikati palikuwa na alama mbili za meno. Kibanio cha nguo.

Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nikachukua waya wa aina ile ile kwenye sinia ya sidii, ambayo hakuna aliyeitumia tangu ilipovuka mpaka, nikauhamishia kwenye diski. Dawa ya bure kwa yeyote: kabla hujatangaza msiba, badilisha waya.

Nikabonyeza. Picha ya shamba la kahawa, ile babu aliyoipenda, ikajaa kwenye monita. Kikombe kipo mahali pake.

"Bofya wewe," nilimwambia bibi.

Alifuta kidole kwenye kanga, akabofya.

"Binti Mbebe! Njoo uone, hiki kitu kinanisikia!"

"Abee," alisema bibi. Lakini sauti haikutoka, ilicheza midomo tu. Shangazi alizima tochi, akatoka nje.

Mimi sikungoja babu amalize. Nilishachomoa simu yangu na waya wake. "Bibi, nanakili sasa hivi. Moja kwenye simu yangu, moja kwenye flashi, moja tunatuma kwa baba mdogo, moja kwenye kundi la ukoo..."

"Ili iweje?"

"Ili siku paka akimwaga chai tena, yuko kwingine."

Bibi akaweka kiganja juu ya sipiyu, kama anayezuia mlango. "Yaani kila mtu atembee na mume wangu mfukoni? Baba yako mdogo amchezeshe pale Chapwa, wateja wacheke Kindali changu?"

Nilishtuka. Siku nzima nilidhani tunatafuta kitu kimoja. Nilichokuwa natafuta mimi ni sauti isipotee, na sauti isiyotaka kupotea inabidi iwe sehemu nyingi, hiyo ndiyo kanuni, hata mtoto anaijua. Yeye alikuwa anatafuta mtu anayemwita yeye, ndani ya nyumba yake, jioni. Nilibaki nimeshika waya.

"Bibi, leo ulisema umemuuza."

 Alitazama monita, mstari wa sauti ukienda, babu akiimba kwa ile besi ya kuazima. Akaangalia mlangoni, halafu soksi juu ya meza.

"Moja," alisema. "Kwenye simu yako tu. Na umsikilize peke yako. Nikisikia yuko kwenye kundi, nakuja Tunduma kwa bodaboda."

Nikachomeka. Mstari wa kijani ukaanza kujaa. Bibi akasogeza kiti.

"Sasa anahama?"

"Hahami. Anabaki hapa, na huku pia anakuwepo."

"Wote wawili mzima mzima? Siyo nusu huku nusu kule?"

"Mzima mzima."

"Uongo."

"Sikiliza mwenyewe." Nikafungua kwenye simu, na yeye, kwa kutoniamini, akabofya kikombe kwa wakati huo huo. Simu ilitangulia kidogo. Babu akamwita kutoka mkononi mwangu, na kabla hajamaliza akamwita tena kutoka mezani.

Bibi aligeuka kwangu, akageuka kwenye mashine, mdomo wazi. Kisha akaitika mara mbili, moja huku, moja kule, asije mmoja wao akasema amepuuzwa.